Majani Mabichi ya Kiangazi

Jumapili, 12 Januari

Ametembea. Mjukuu wangu Nelima ametembea mwenyewe jana jioni kule Bungoma, bila kushikwa mkono wala kushika kiti. Ametoka kwa babake akaenda mpaka kwa mamake huku amebeba kijiko kama askari wa gwaride. Lenah binti yangu alinirekodia kwa simu akanitumia. Nimeangalia mpaka simu ikazima.

Leo nilienda nayo kanisani. Kila mama wa chama ameona, hata mke wa pasta. Fridah wa kwaya akasema ati mjukuu wake alitembea akiwa na miezi minane. Sikumjibu. Kanisani si mahali pa kumwaibisha mtu.

Nelima ni jina la mama yangu mzazi. Kwetu Wabukusu jina la marehemu likirudi nyumbani, amerudi mwenyewe. Kwa hiyo mtoto huyu simwiti Nelima, namwita Mama. Baba Lenah hunicheka, ati mimi ndiye mtu pekee hapa Kibomet mwenye mama ambaye meno hayajamjaa.

Mimi niliachia darasa la saba, lakini shajara hii ya duka la mbegu nitaijaza. Mwaka kama huu si wa kupita bila kuandikwa. Watakuja wote Pasaka, na Mama atakuja kwa miguu yake.

Jumatano, 15 Januari

Jua. Hakuna wingu hata la kudanganya mtu.

Jumanne, 21 Januari

Nyasi yote imekauka. Ng'ombe wa Sally, jirani yangu, anakula mabua ya mahindi ya mwaka jana na anayala kwa hasira. Lakini ukisimama barabarani uangalie kwangu, utadhani mvua inanyesha kwa Mama Lenah peke yake. Leo watu wawili waliokuwa wakienda Tuwan walisimama kuuliza ninanyunyizia nini. Nikawaambia ni mkono tu.

Majina ya vitabu ya maua siyajui. Mimi ua naliita jina la mtu aliyenipa tawi. Kando ya dirisha ni Perpetua, yenye maua meupe marefu yanayoning'inia kama tarumbeta. Jioni harufu yake inaingia mpaka jikoni. Perpetua mwenyewe tulimzika miaka sita iliyopita, lakini kila jioni ananipitia. Sebuleni, ndani ya mtungi, ni Mwalimu Bethwel, yenye majani makubwa yenye madoa. Alinipa siku alipohamishwa, baada ya kumfundisha Lenah mpaka akapita kuliko watoto wote wa shule ile.

Na kwa ua wote wa mbele, kutoka lango mpaka kona ya Sally, ni Mama. Majani membamba, maua ya rangi ya waridi, kiangazi hakimgusi. Mama yangu mzazi alimtoa Lwakhakha, mpakani na Uganda. Alikuwa ameenda kuuza maharagwe, akaona ua hilo kwa lango la mtu ng'ambo ya mpaka, akavunja tawi akalificha ndani ya kilemba. Askari wakapekua gunia na kikapu, kichwa hawakugusa. Siku ile ninaolewa, alinikatia tawi akalifunga kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba, akaniwekea mapajani. Tawi la ua halishukuriwi, ukisema asante halishiki. Nikafunga mdomo, nikalia tu mpaka Kitale.

Lilishika.

Jumapili, 26 Januari

Mahubiri yalikuwa marefu. Vumbi hata ndani ya chai.

Jumatatu, 3 Februari

Lenah amenipigia akiwa kazini akasema, "Mama, nipigie picha za maua yako yote, moja moja." Mtoto wangu ni klinikal ofisa. Hivyo ndivyo watu husema. Mimi nasema daktari. Nilijua tu anataka kuwaonyesha wenzake bustani aliyokulia.

Nikaoga, nikavaa ile gauni ya kitenge ya harusi yake, nikamwita Baba Lenah ashike simu. Nimesimama kando ya Perpetua, nimeketi na Mwalimu Bethwel, na kwa Mama nimepigwa picha nne kwa sababu Baba Lenah alinikata kichwa katika tatu za kwanza. Sally alikuwa ananiangalia juu ya ua, akaniuliza kama nagombea ubunge.

Alhamisi, 6 Februari

Sijui niandike vipi. Lenah amepiga. Hakusema kitu kuhusu gauni.

Ati juzi kliniki yao waliletewa mtoto ambaye mdomo umefura, ulimi haurudi ndani, mate yanamwagika. Alikuwa ametafuna jani la mtungini sebuleni. Jani lenye madoa. Mtoto yuko sawa sasa, lakini Lenah hakulala, alikuwa anaiona sebule yangu. Ndiyo sababu aliomba picha.

Ati Mwalimu Bethwel anachoma mdomo. Ati Perpetua anampa mtu wazimu na kumkausha koo, mbegu mpaka maua. Niliposikia hivyo nikaketi. Kisha akasema, "Na ile uliyopewa na nyanya, Mama, ndiyo mbaya kuliko zote. Inashika moyo. Ng'ombe, mbuzi, mtu, haichagui. Jani moja linaweza kumfikisha Nelima hospitalini."

Nikamwambia wewe ulikulia hapo hapo, ulicheza kibanda chini yake, na leo unaitwa daktari. Nikamwambia mbuzi wa mama yangu walilipita ua hilo miaka na miaka na hawakufa. Akasema ni kwa sababu walikuwa na nyasi ya kula, na kwamba ni chungu, mnyama aliyeshiba hawezi kuligusa. Nikamwambia simu inazima. Haikuwa inazima.

Ijumaa, 7 Februari

Mwalimu Bethwel nimempeleka juu ya kabati. Basi. Mtoto hafiki kabatini.

Ijumaa, 14 Februari

Baba Lenah amesema labda msichana ana haki. Nimempa ugali bila mboga.

Alhamisi, 20 Februari

Leo tumeongea tena, mimi na Lenah, na nimeandika maneno yake kama alivyoyasema ili nikizeeka nisije nikamwonea.

"Mama, Pasaka hatutakuja kama ile ua bado iko."

"Unanikataza mjukuu kwa sababu ya maua?"

"Sikukatazi. Njoo Bungoma umwone. Lakini kwako hatakanyaga. Anaweka kila kitu mdomoni. Jana nimemtoa kiatu cha babake."

Nikamwuliza kama anajua ua hilo ni nani. Kisha akasema anajua, na ndiyo sababu imemchukua wiki mbili kuniambia.

Sijamwambia mtu. Nitaanzia wapi? Mimi ndiye nimewapa nusu ya chama matawi ya Mama. Mimi ndiye ninasimama langoni wapita njia wakisifu. Niende kwa Sally nimwambie ati ua la mama yangu ni sumu? Angecheka mpaka Endebess.

Leo jioni nimekaa kibarazani. Perpetua ananukia. Nilikuwa nakumbuka nyumba yetu kule Chwele, Mama akimwagilia ua lake kwa kibuyu kabla hata ya kutupa sisi maji ya kunawa uso. Majirani walikuwa wanasema mke wa Wekoye, yaani babangu, ana mtoto mmoja wa kike na mmoja wa maua. Mimi nilikuwa naona wivu. Sasa nimekuwa yeye.

Jumanne, 25 Februari

Jua. Kisima cha kanisa kimeanza kutoa matope.

Jumamosi, 1 Machi

Nimepata njia ya katikati. Nimechukua panga nikakata matawi yote ya chini ya Mama, mpaka urefu wa kifua changu. Mtoto mdogo hafiki. Sasa ua limekuwa kama wazee wamesimama na miguu mitupu, lakini liko. Nimempigia Lenah picha. Amejibu, "Majani yanaanguka, Mama." Huyo msichana alianza ukaidi akiwa tumboni.

Matawi niliyokata nimeyatupa pale konani, kwa ua wa Sally, mahali petu pa kutupa.

Jumatatu, 3 Machi

Nitaandika yote.

Jana asubuhi Sally aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sisi ni majirani tangu Lenah anyonye. Mimi Mbukusu, yeye Msabaoti wa mlimani. Wakati wa zile fujo za uchaguzi yeye ndiye alilala kwangu na watoto wake, na siku nyingine mimi kwake, kulingana na nani alikuwa anatafutwa. Nikakimbia bila viatu.

Ng'ombe wake amesimama miguu imepanuka kama meza mbovu, mate yanamwagika, anahara maji. Masikio yalikuwa baridi, nimeyashika mwenyewe. Na kando ya kihori, mbuzi, yule wa kahawia aliyewekwa kwa sherehe ya Kipkorir mwanawe atakapomaliza chuo, amelala na miguu imenyooka. Alikuwa ameshakufa.

Kimaiyo, mume wa Sally, alikuwa ameenda kumleta daktari wa mifugo. Mimi nikaangalia ndani ya kihori. Majani membamba. Yamenyauka kidogo, lakini unaweza kuyajua hata gizani, mimi nimeishi nayo miaka thelathini na zaidi.

Ni lazima nieleze jinsi tunavyoishi hapa kiangazi. Kitu kibichi hakitupwi. Ukikata ua, ukipunguza migomba, ukichuma mahindi ya bustani, unaweka pale konani, na yule mwenye mnyama anachukua bila kuuliza. Ni hivyo tangu tuhamie. Mimi sina ng'ombe siku hizi, kwa hiyo kila kitu changu kibichi ni cha Sally. Hakuniuliza kwa sababu hajawahi kuniuliza. Na mimi nilipotupa, nilitupa kama ninavyotupa siku zote, mkono ukaenda peke yake. Kichwa changu kilikuwa kinabishana na Lenah.

Daktari Kipsang alifika, akamsikiliza ng'ombe moyo, akakunja uso. Akauliza amekula nini. Sally akasema mabua, na majani ya Mama Lenah.

Wote wakaniangalia. Ningeweza kunyamaza. Daktari angedhani ni mabua yameoza, yalikuwa yameota ukungu kweli. Nilifikiria hivyo, naandika hapa kwamba nilifikiria. Lakini ng'ombe alikuwa anahema, na nikaona daktari anaenda kufungua dawa ya tumbo.

"Ni ua langu la mbele," nikasema. "Linashika moyo."

Daktari akaliangalia lile ua, akarudisha dawa akachukua nyingine, unga mweusi kama makaa. Akakoroga na maji, wakamnywesha kwa mpira. Akasema asisumbuliwe, asitembezwe, asipigiwe kelele, moyo wake hauwezi kazi.

Sally akanisogelea. Hakuinua sauti.

"Ulijua?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Lenah. Karibu mwezi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anahesabu. "Mwezi," akasema. Kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Ningeona heri anitukane.

Jumanne, 4 Machi

Ng'ombe yuko hai. Nimeuliza kupitia Baba Lenah.

Jumapili, 9 Machi

Sally amepita langoni akienda kanisa lao, hakuangalia upande wangu. Ng'ombe anasimama vizuri sasa, ametafuna nyasi. Daktari anasema alipona kwa sababu majani ni machungu. Alionja akaacha. Mbuzi alikuwa na tamaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimezunguka kwa wote niliowapa tawi. Nimeenda kwa mke wa pasta, kwa mama wa duka la kona, kwa Fridah wa kwaya. Kila nyumba nimesema maneno yale yale: ling'oe, ni sumu, mtoto wangu daktari amesema. Nilianzia kwa Fridah kwa sababu ndipo palikuwa pagumu zaidi. Nilidhani atafurahi, lakini akapiga simu kwa bintiye mbele yangu amwambie awafungie mbuzi. Nimekosa kumjua mwanamke huyo.

Jioni miguu imefura. Bado nyumba moja, iliyo karibu zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa Sally asubuhi na mbuzi jike mwenye mimba, niliyemnunua sokoni jana. Sikutuma mtu. Nimemfunga kwa nguzo yake, nikasimama.

Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Akasema bila kuinua macho, "Si mbuzi, Mama Lenah. Mbuzi hufa. Ungesema tu."

"Niliona haya."

"Mimi? Mimi niliyekushika siku ya Perpetua? Haya ya nini?"

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba nimejisifu sana kwa ua lile, kwamba nilikuwa naogopa atacheka.

"Ningecheka," akasema. "Kabisa. Ningecheka wiki nzima. Halafu ng'ombe wangu hangekula."

Ameshindwa kumkataa mbuzi. Amenipa maziwa nikatoka nayo, ingawa hakunikaribisha kuketi. Njiani nimelia kidogo, lakini si vibaya.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu upande wa mlima. Yametuangalia tu yakarudi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeling'oa.

Lenah alinieleza kwa simu: usichome, moshi wake ni mbaya pia, funga mikono kwa plastiki, usiguse macho, zika mbali na maji. Sikubishana. Alingoja nibishane. Akasema pole, Mama. Mtoto huyu nilimwona mkaidi tangu kuzaliwa, na leo nimeona ni mimi aliyefanana naye. Mimi ningekuwa na mtoto wa kulinda, hata mama yangu mzazi ningempigia kelele.

Baba Lenah alishika jembe, mimi panga. Shina la kwanza ndilo tawi lenyewe la siku ya harusi, limekuwa nene kama mguu. Tulipokuwa tunahangaika na mizizi, Sally akapita pale konani na jembe lake begani. Hakusalimia. Akaanza upande wake. Baadaye akasema jembe la Baba Lenah ni la kuchezea watoto, nikajua tumepona.

Tukiwa tunavuta matawi kwenda shimo la choo la zamani, jambo fulani likanirudia ambalo sikuwa nimelikumbuka miaka hamsini. Nilikuwa mdogo, kule Chwele. Nilivunja fimbo ya ua lile nikachoma nayo mahindi. Mama alitoka mbio jikoni, akapiga mkono wangu mpaka mahindi yakaanguka motoni, akanisugua mdomo kwa kitambaa na maji, akanipiga tena. Nikalia siku nzima nikijua kwamba ananipenda kidogo kuliko ua lake. Nilikua nikijua hivyo. Niliolewa nikijua hivyo.

Nikasimama na tawi mkononi. Mama alijua. Labda hakujua jina la sumu, labda aliona kuku akifa, labda aliambiwa na wenye lango kule Lwakhakha. Lakini alijua, na aliogopa kwa ajili yangu, na hakuwa na maneno ya kuniambia ila kofi. Alilipenda ua na akalilinda tusiliguse. Siku ya kunipa tawi, alininyooshea kidole, hivi, kama kumkanya mtoto. Mimi nikadhani ananionya nisiseme asante.

Sally akaniuliza nalia nini. Nikamwambia mama yangu alinipenda. Akasema, "Na ulikuwa unadhani nini?" akaendelea kuchimba.

Perpetua pia ameenda. Mwalimu Bethwel ameenda. Mbele ya nyumba ni kama mdomo uliong'olewa meno.

Jumapili, 23 Machi

Niandike na hili. Jana nilikuwa nimeficha tawi moja la Mama ndani ya mkebe wa maji, nyuma ya jiko. Moja tu, nilisema nitalipanda mbali, huko mwisho wa shamba. Asubuhi nimeenda kuwasha moto, nikauona mkebe uko chini, kimo cha magoti yangu, maji yanang'aa. Mtoto anayejua kutembea angeanzia wapi kama si hapo?

Nimelipeleka shimoni nikiwa bado na nguo za kulalia.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Imeanza saa nane, ya mawe kidogo halafu ya kweli. Baba Lenah amesimama nje na kofia, ananyeshewa kwa makusudi, mtu mzima. Udongo unanuka kama zamani.

Alhamisi, 3 Aprili

Tunapanda mahindi. Sina nguvu ya kuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Tumepanda. Kwa lile pengo la mbele nimeweka sukuma wiki, kunde na maboga. Wapita njia hawasimami tena. Jana mmoja aliuliza maua yalienda wapi, nikamwambia yalizeeka, kisha nikamwita arudi, nikamweleza ukweli, na nikamwuliza kama kwao liko. Liko. Ataling'oa.

Wakati mwingine jioni pua yangu bado inamtafuta Perpetua. Nimeanza kumsemesha bila ua, nikiosha vyombo, na naona anasikia vizuri tu.

Jumapili, 13 Aprili

Lenah amepiga baada ya kanisa. Nimemwelekezea simu kila kona ya boma, mbele, nyuma, sebuleni, hata chini ya meza, kama mtu anayeuza nyumba. Ameangalia mpaka mwisho. Nyuma yake nimesikia sauti ndogo inapiga kelele na kijiko kinagonga kitu. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Tunakuja."

Nikamwambia asimbebe mtoto kutoka langoni. Amshushe pale pale, amwache aende anakotaka.

Sally ataleta maziwa lala na Kimaiyo, na hata Fridah wa kwaya nimesikia mdomo wangu ukimwalika. Walubengo mkwe wangu ataketi upande wa wanaume nami nitamsalimia kwa mbali kama desturi inavyotaka, ingawa kichwani nimeshamkumbatia. Baba Lenah amechagua jogoo. Wote wanatarajiwa kwangu Kibomet Jumatatu ya Pasaka, tarehe ishirini na moja.